Sauti ya Mjane

2 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa hasira. Mvua imetufungia kazini tangu mchana, na nimebishana na Mama Mapacha mpaka koo limekauka. Tunafanya kazi kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya hoteli. Meza ya pasi ya Mama Mapacha inatazamana na yangu, na juu ya kabati la sabuni kuna televisheni ndogo ambayo wote tunaitazama kwa jicho moja. Yeye anadai tamthilia ya madaktari ndiyo itakayonyakua tuzo mwaka huu. Tamthilia ambayo daktari anampasua mtu akiwa na pete tatu vidoleni!

"Mgonjwa si alipona?" akaniuliza.

"Alipona kwa huruma ya mwandishi. Wewe ungekubali kupasuliwa na yule?"

"Kwa sura ile? Ningejilaza mwenyewe mezani."

Basi nimeona maoni yangu niyaandike mahali ambapo hakuna wa kunicheka. Shindano la waimbaji limepoteza ladha tangu majaji waanze kulia kabla mtu hajafungua mdomo. Kipindi cha vichekesho kinajichekea chenyewe, sisi tunabaki kukodoa macho. Msomaji wa habari za jioni amekata nywele na hajapendeza. Kinachobaki ni "Jumba la Mjane", saa moja jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na hicho siwezi kukihukumu kwa haki. Sauti ya Mjane ni ya mdogo wangu, na mdogo wangu tulimzika Januari.

3 Machi

Nieleze vizuri, hata kama najieleza mwenyewe. "Jumba la Mjane" ni tamthilia ya nje. Watu wake ni wa huko na lugha yao ni ya huko, sisi tunawasikia kwa Kiswahili kwa sababu ipo studio hapa mjini inayowaingizia sauti. Mdogo wangu, ambaye nyumbani tulimwita Chiriku kwa kuwa hakunyamaza tangu alipojua kusema, alipewa Mjane: mwanamke wa glavu nyeusi, mwenye jumba kubwa, aliyezika waume wawili na sasa anamnyatia Hakimu. Mji mzima unamchukia Mjane. Chiriku alikuwa akienda sokoni, akiuliza tu bei ya vitunguu, watu wanageuka kumtazama.

Homa ya mapafu ilimchukua ndani ya wiki moja. Lakini sauti hurekodiwa mapema, muda mrefu kabla ya kipindi kurushwa, kwa hiyo ametuachia Mjane wa kutosha, amekaa ndani ya mashine za watu akingoja zamu yake.

Baada ya maziko Mama aligeukia ukutani. Simaanishi mafumbo, alilala ubavu, uso ukutani, na kila nilichopika kilirudi jikoni kama kilivyotoka, isipokuwa chai. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo hata televisheni kwake ni redio. Jioni moja nilisahau kuizima. Muziki wa "Jumba la Mjane" ukapiga, msimu mpya ndio ulikuwa unaanza, na Chiriku akasema kutoka pale kwenye kona: "Nani amefungua dirisha langu?"

Mama akaketi. Akaniuliza kama kuna chakula.

Tangu siku hiyo kila jioni anaoga, anavaa gauni lake la kutokea, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na spika. Hazungumzi na televisheni, hajarukwa na akili. Anasikiliza, kisha anakula. Mimi nakaa nyuma yake na nywele zinanisimama kila Mjane anapocheka, kwa sababu Mjane hacheki vile. Vile anacheka Chiriku.

6 Machi

Mvua. Mjane amemfukuza mpishi. Mama amekula sahani nzima.

9 Machi

Leo fundi wa sauti wa studio amekuja kutuona. Ni kijana mpole, anaongea polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alileta sweta la Chiriku lililosahaulika huko. Mama alilipokea, akalinusa, akaliweka mapajani. Nilimsindikiza fundi mpaka kwenye ngazi, na hapo ndipo nikamuuliza nilichokuwa naogopa kuuliza.

"Alifika wapi?"

"Alimaliza mpaka mkesha wa harusi. Mjane anajaribu shela mbele ya kioo. Harusi yenyewe hakuirekodi."

"Na baada ya hapo?"

"Dada, watatafuta mtu. Kipindi hakiwezi kusimama."

Nilirudi ndani. Mama alikuwa amelivaa lile sweta juu ya gauni la kutokea. Akaniambia nifanye haraka, muziki unakaribia kupiga.

13 Machi

Miaka yote nimeipigia kelele tamthilia hii kwa kuvuta mambo. Mtu anafungua mlango leo, anaingia kesho kutwa. Mjane na Hakimu wamechumbiana tangu msimu uliopita na hawajakubaliana hata rangi ya maua. Kazini wote wamechoka. "Waoane tuone moto!" Mama Mapacha anapiga kelele na pasi mkononi, na wasichana wa kukunja mashuka wanampigia makofi.

Mimi peke yangu nashangilia maua. Leo walizungumza juu ya maua kipindi kizima na sijawahi kuona televisheni tamu kiasi hicho. Yule mwandishi niliyemtukana miaka yote, namwombea afya njema na uzembe mwingi.

17 Machi

Wametaja tarehe ya harusi. Kazini kulikuwa na vigelegele. Nimeunguza foronya.

20 Machi

Upepo umeangusha nguzo mtaani, umeme hakuna tangu juzi. Jioni ya kwanza Mama alivaa, akakaa mbele ya televisheni iliyozimika, akangoja. Nilimwambia, "Mama, umeme umekatika." Akajibu, "Najua." Alikaa mpaka muda wa kipindi ukaisha, akainuka, akarudi kitandani.

Jana hakuvaa. Leo nimerudi kazini nikamkuta kaelekea ukutani, chai ipo pembeni imeshaweka utando juu. Nilimshika bega, likawa jepesi mno mkononi mwangu. Nikamwomba ale vijiko viwili tu kwa ajili yangu. Akasema, "Nitakula akija."

Hakusema "ukija umeme." Nilitoka nikaenda kusimama jikoni, nikashika ukingo wa sinki. Huu ni umeme tu, utarudi. Je, siku ya harusi? Siku ile Mjane atakapofungua mdomo na kutoka mwanamke mwingine, nitamwambia nini huyu mzazi? Sasa najua itakavyokuwa, nimeshaonyeshwa.

21 Machi

Umeme umerudi. Mjane amepima shela la kwanza, hakulipenda. Mama amekula.

23 Machi

Mwongozaji wa studio amenipigia simu kazini. Ni yule mama wa miwani juu ya kichwa ambaye msibani alilia kuliko ndugu. Akasema wamejaribu wanawake kadhaa na wote wanasikika kama wanaouza sabuni. Nilikuwa nimesema "halo" na "ndiyo, ni mimi" tu.

"Dada," akasema, "umewahi kuambiwa kwamba mnafanana sauti?"

Nimeambiwa maisha yangu yote. Tofauti ni kwamba yangu hakuna aliyewahi kuihitaji. Chiriku aliongea kwa niaba yetu wote wawili, mimi nikawa wa kuitikia. Nilimwambia mwongozaji nitafikiri. Halafu nikamkumbuka Mama na ile chai, nikampigia tena kukubali kabla sijarudi kwenye meza yangu.

24 Machi

Studio ni chumba kidogo chenye zulia mpaka ukutani, na dirisha la kioo ambalo fundi anakutazamia. Ukiingia unavua bangili, unavua viatu, unazima simu. Tumbo likinguruma linasikika, kwa hiyo huruhusiwi kuja na njaa. Karatasi za maneno zinageuzwa kwa vidole viwili, taratibu, kama unamfunua mgonjwa. Kila mtu anarekodi peke yake. Mjane na Hakimu wamebusiana misimu miwili na Chiriku alimwona huyo mwenye sauti ya Hakimu mara chache tu, mlangoni, wakipishana.

Mwongozaji alinieleza kazi. Kwenye skrini namwona Mjane, midomo yake ikifunguka nafungua, ikifunga nafunga. Sikio la kushoto nitasikia lugha ya kwao. Sikio la kulia wataniwekea marehemu.

"Utamsikia yeye kwanza, kipande cha zamani," akasema. "Umfuate. Ukimshika, tunakwenda kwenye maneno mapya."

Nikavaa visikilizio. Vilikuwa vimelegezwa kwa kichwa cha mtu mwenye nywele nyingi. Fundi akawasha, na kabla ya Mjane kusema chochote nikamsikia Chiriku akikohoa, akimeza maji, akisema kwa sauti yake ya nyumbani, "Haya, twende, nina njaa mie."

Hiyo haikurushwa popote. Hayo ni makapi ya kurekodi, wanakata wanatupa, na fundi alikuwa amesahau kukata. Niliona uso wake kwenye kioo ukibadilika. Alinyoosha mkono azime, nikamkatalia kwa kichwa. Nilitaka zaidi. Mungu anisamehe, niliposikia pumzi yake pale sikioni niliona kama nikigeuka upesi nitamwona.

Tukaanza. Mara ya kwanza nilikuwa mpiga pasi anayesoma karatasi. Mara ya pili vilevile. Mwongozaji akasema nisimwige, nimwache aongee. Sikuelewa maana yake, lakini nililegeza shingo, nikasubiri midomo ya yule mzungumzaji wa kigeni ifunguke, na sauti ikatoka. Ilitoka kifuani kwangu na haikuwa yangu. Nilisema, "Mimi sikuja kuolewa. Nimekuja kuchukua changu." Upande wa pili wa kioo fundi alivua visikilizio vyake akavishika mkononi. Mwongozaji alishusha miwani machoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Walinieleza sharti moja. Jina mwishoni mwa kipindi litabaki la mdogo wangu. Kwa heshima yake, akasema mwongozaji, na pia watazamaji wasihame. Nisimwambie mtu. Niliona ni jambo zuri. Nilirudi nyumbani mvua ikininyeshea, nikijiambia kwamba nimempata mdogo wangu na nimemwokoa mama yangu, yote mchana mmoja.

1 Aprili

Mkesha wa harusi. Mjane mbele ya kioo, shela kichwani. Chiriku akasema maneno yake ya mwisho duniani, na yalikuwa: "Kesho wataona." Wimbo ukapiga. Mama aliivuta mikono yake ndani ya mikono ya sweta.

Mimi nililia chooni, bomba nimelifungulia.

2 Aprili

Harusi. Kazini waliahidiana kutazama wote pamoja, mimi nikasema naumwa tumbo, nikakimbilia nyumbani. Mama alikuwa ameshakaa. Nilikaa nyuma yake, mahali pangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kutazama televisheni sikuitazama. Nilitazama kisogo cha Mama.

Kanisa, maua yale yale waliyoyabishania, Hakimu anatoa jasho. Mjane akanyanyua shela. "Mimi sikuja kuolewa," nikasema kutoka kwenye kona. "Nimekuja kuchukua changu."

Kichwa cha Mama kiliinama kidogo upande wa spika, kama mtu anayeitwa kwa mbali. Kikabaki hivyo. Kipindi kikaisha.

"Leo amesema vizuri sana," Mama akasema. Kisha akaomba chakula, na akala, na akaniomba nimwongeze mchuzi.

7 Aprili

"Nimekuja kuchukua changu" iko kila mahali. Wasichana wa kukunja wanaisema wakichukua mashuka. Kondakta ameisema akidai nauli. Mama Mapacha ananiambia, machozi yakimlengalenga, "Mwenzangu, mdogo wako alikuwa na kipaji. Ile ya kanisani ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya."

Nilisema ahsante.

12 Aprili

Narekodi mara mbili kwa wiki baada ya kazi. Ninaingia mle ndani nimechoka, natoka nimechangamka, najikuta nacheka njiani peke yangu. Mama anasema mvua imeniharibu koo; kila jioni ananichemshia maji ya ndimu. Anatembea mwenyewe mpaka jikoni sasa, mkono ukutani. Nani angeamini?

15 Aprili

Shangazi alipiga simu leo, nami nilikuwa nimetoka tu studio. Nikapokea, "Halo, shangazi, habari za huko?" Upande wa pili ikasikika kelele, halafu simu ikakatika. Nilipiga tena. Akapokea mume wake.

"Nani huyu?" akauliza kwa ukali. "Watu wamefiwa, nyie mnafanya mizaha?"

Ilinibidi nikohoe, nitaje jina la mtaa, nitaje jina la babu, ndipo akanielewa. Shangazi amelala kwa dawa. Nimejaribu kusema "habari za huko" mbele ya kioo kwa sauti yangu. Nimeisema mara nyingi. Sina hakika nimeipata.

19 Aprili

Kazini msimamizi aliuliza nani ameacha pasi kwenye moto. Nikajibu bila kufikiri. Mama Mapacha akaangusha chano cha vibanio. Alinitazama kwa muda, kisha akainama kuviokota, na siku nzima hakunitania. Namjua miaka mingi na sijawahi kumwona akiniogopa. Nilitaka kumwambia. Sharti likanibana, na zaidi ya sharti, sikujua nitamwambia kwa sauti ipi.

22 Aprili

Wametangaza wanaowania tuzo za televisheni. Maoni yangu: tamthilia ya madaktari imetajwa mara saba, aibu tupu. Mwimbaji mmoja, naye analia kama majaji wake, ametajwa. Sauti Bora ya Mwaka wametaja watatu: kasuku wa katuni ya watoto (stahili yake), mzee wa filamu za wanyama (amelala usingizi mwaka mzima), na marehemu mdogo wangu.

Mama alisikia kwenye taarifa ya habari. Akauliza, "Utakwenda?"

"Wamesema niende kwa niaba yake."

"Nenda," akasema. "Uvae vizuri."

30 Aprili

Mvua tu.

4 Mei

Sijui nianzie wapi, basi nianzie kwenye viti. Ukumbi ulikuwa wa mazulia mekundu na viti vinavyokumeza. Sherehe ilianza mchana, ikirushwa moja kwa moja. Watu ambao nimewasema vibaya kwenye daftari hili walikuwa mbele yangu wakinukia manukato. Daktari wa pete tatu ni mfupi. Mwimbaji hakulia, pengine kwa sababu alikosa. Ningekuwa na raha kabisa kama ningekuwa nyumbani.

Ilipofika Sauti Bora, mtangazaji akaomba ukumbi usimame. Taa zikapunguzwa. Kwenye skrini ikatokea picha ya Chiriku, ile ya kitambulisho cha kazi iliyokuzwa, akijizuia kucheka. Mtangazaji akasema, "Hayupo nasi, lakini sauti haizikwi. Tumsikilize kwa mara ya mwisho."

Wakapiga kipande. Na katika kazi yote aliyofanya, misimu miwili na nusu, vicheko, matusi, yale mazungumzo ya dirisha, walichagua kanisani.

"Mimi sikuja kuolewa. Nimekuja kuchukua changu."

Niliona jina langu halipo, na picha si yangu, na sauti ni yangu. Watu walilia. Mwanamke aliyekuwa kando yangu, simjui, alinishika mkono akasema, "Pole sana, mama, tumempoteza." Ukumbi mzima ulisimama kwa heshima yangu mimi niliyekufa, nami nilikuwa pale katikati yao, nimevaa vizuri, napiga makofi. Nilitazama picha ya Chiriku na nikamwonea uchungu kuliko siku ya kaburi. Hata maombolezo yake nilikuwa nimemchukulia. Hakuna hata neno lake moja lililosikika mle ndani.

Nikaitwa kupokea tuzo. Nilipanda ngazi. Mwongozaji, mstari wa mbele, aliweka kidole mdomoni, taratibu, kama mtu anayejikuna. Ningesema nini, na nani angesema? Nilinong'ona "ahsanteni" kwa sauti ya makamasi, wakadhani ni kilio, wakapiga makofi zaidi.

Nilirudi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Mama alikuwa kwenye kiti chake, televisheni imezimwa, jambo ambalo sijaliona tangu Februari isipokuwa umeme ulipokatika. Niliiweka tuzo mezani. Hakuigusa.

"Kaa hapa mbele," akasema. "Si nyuma."

Nikakaa kwenye mkeka, miguuni pake.

"Wamekulilia ukiwa hai," Mama akasema. "Sikupenda."

Nikauliza, "Umejua leo?"

"Mwanangu, mimi nimewazaa wawili. Siku ile ya kanisani ulivuta pumzi kabla ya kusema 'mimi'. Mwenzako hakuwahi kuvuta pumzi kabla ya kusema 'mimi' tangu azaliwe. Wewe ndiwe unayeogopa neno hilo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umekonda. Unatoka kazini huneni, unalia chooni na bomba umelifungulia, unadhani maji yanaziba masikio yangu. Halafu ukaanza kwenda huko kwao, ukawa unarudi unacheka. Nikasema, acha. Nikikwambia nimekujua utaacha kwenda, na ukiacha utamfuata mwenzako kaburini. Nikawa navaa, nakaa, nakusikiliza, nakula chakula nikuonyeshe nimekula."

"Mama, mimi nilikuwa nafanya kwa ajili yako. Ili usirudi ukutani."

"Najua," akasema. "Na mimi nilitoka ukutani kwa ajili yako."

Nje maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati ya jirani. Mwezi mzima nyumba hii ilikuwa na wanawake wawili wanaomfuga maiti mmoja, kila mmoja akimlisha kwa siri ili mwenzake asife. Nilimwambia Mama hivyo, kwa maneno hayo hayo, na yeye akacheka, kisha akalia, hatimaye akalia vile ambavyo hakulia Januari. Nilimshika mpaka akamaliza. Na mimi nilikuwa na changu cha kumaliza.

6 Mei

Nimemwambia mwongozaji nitamaliza msimu, kwa jina langu mwenyewe. Alisema haiwezekani. Nikamwambia basi Mjane aendelee kimya. Amenipa jina.

Mama Mapacha nimemweleza yote. Amenipiga na foronya iliyolowa, halafu akanikumbatia, halafu akasema bado tamthilia ya madaktari ndiyo bora.

21 Mei

Mwisho wa "Jumba la Mjane". Mvua zilikatika wiki iliyopita. Maoni yangu: wamemfunga Mjane gerezani na hawakumpa hata mlango wa kutorokea, ni uvivu wa mwandishi. Mwisho wa kipindi Mama aliniomba nimsomee majina. Kulikuwa na la Chiriku, na chini yake langu.

Mama akazima televisheni mwenyewe, akitafuta kitufe kwa vidole. Akavua sweta, akalikunja, akaliweka kwenye kiti.

"Sasa nieleze habari za kazini," akasema. "Leo mmefanya nini?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Leo, Mama," na ilikuwa ni yeye, Chiriku mzima, kwa ule mteremko wake mwishoni mwa neno. Tuliisikia wote wawili. Ilibaki chumbani kwa muda, kati ya kiti na mkeka. Nikakohoa, nikajaribu tena, na ilikuwa yeye tena.

Mama alinyoosha mkono akanigusa koo, hapa mbele, kwa ncha za vidole, kama anapima homa.

"Taratibu," akasema. "Vuta pumzi yako. Mimi nipo, nitasubiri."